Mzee katoka kupasuliwa nyonga: mwongozo kamili wa dawa na kutembea nyumbani

Ujumbe ninaopokea mara nyingi kuliko mwingine wowote unasema hivi: "Upasuaji ulikwenda salama, tumeruhusiwa, lakini wiki ya 3 sasa bibi hajasimama." Kazi yangu ni mazoezi tiba hapa Dodoma. Nikifika nyumba hizo nakuta mambo yaleyale. Chuma kimekaa vizuri, kidonda kimefunga, ila dawa zinatolewa kwa saa zisizofaa na mguu haujagusa sakafu.

Nyumba moja ya Nkuhungu nilimkuta mjukuu ana bahasha tano za vidonge kwenye kikapu cha ukili. Nikamuuliza hizi za maumivu unampa saa ngapi. Akajibu, "Akilia." Basi bibi alikuwa analia usiku, anapewa, nyumba nzima inalala. Asubuhi saa 3 mashangazi wanakuja kumsimamisha, na dawa ile imeshakwisha nguvu mwilini. Bibi anaumia, anagoma, wanamwonea huruma, wanamlaza tena. Kesho yake hivyohivyo.

Dawa ya maumivu baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika ni ya kutembelea. Ukiishika hiyo, hatua nyingine zote hapa chini zitakaa mahali pake. Na pale karatasi ya daktari wako inaposema tofauti na mimi, fuata karatasi.

## Vitu vya kuandaa kabla hajatoka wodini

- Fremu ya kutembelea, ile ya miguu minne ambayo wengi wanaiita woka. Kwa nyumba zetu zenye uwanja wa mchanga chagua yenye vifuniko vya mpira miguuni, si magurudumu. Magurudumu yanazama kwenye mchanga na kuteleza kwenye vigae.
- Kiti cha choo. Kama huna cha kununua, seremala anaweza kukata tundu kwenye kiti imara cha mbao chenye mikono, ndoo ikakaa chini yake.
- Kitanda kigumu kiasi, chenye urefu unaofaa (nitaeleza).
- Kiti kimoja cha mbao chenye mikono na mgongo ulionyooka. Kochi la sebuleni weka pembeni, linazamisha.
- Mito miwili au mitatu.
- Viatu vinavyofunga kisigino, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili zifichwe kabisa.
- Daftari, kalamu, na mfuniko mdogo wa kuwekea dawa za zamu moja.
- Chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko kwa ajili ya sindano zilizotumika.
- Taa ya usiku, hata ile ndogo ya sola, kati ya kitanda na mlango.

Mashine ya kupimia presha si lazima, lakini kama jirani anayo iazimwe kwa wiki 2 za kwanza.

## Hatua ya 1: Usiondoke wodini bila majibu haya

Siku ya ruhusa watu huwa na haraka, gari linasubiri nje. Simama hapohapo. Iwe mmelazwa Benjamin Mkapa, General au hospitali nyingine yoyote, mtafute daktari au muuguzi na uandike majibu kwenye daftari.

Kwanza, amefanyiwa nini hasa? Kuna wanaowekewa chuma kushikiza mfupa wao wenyewe, na kuna wanaobadilishiwa kichwa cha mfupa wakawekewa cha bandia. Hizi ni operesheni mbili zenye masharti tofauti, na "amewekewa chuma" peke yake haitoshi.

Pili, mguu ule aukanyagie kwa uzito gani? Wazee wengi siku hizi wanaruhusiwa kukanyaga kadiri wanavyovumilia, tena kuanzia siku moja baada ya upasuaji. Wachache wanaambiwa waguse tu, au wasikanyage kabisa kwa wiki kadhaa. Jibu liandikwe.

Tatu, kama ni nyonga bandia, kuna mikao gani iliyokatazwa na kwa muda gani? Kwa kawaida ni hii: asikunje nyonga kupita pembe ya kiti cha kawaida, asivuke mguu juu ya mwingine, asigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani. Sababu ni kwamba mikao hiyo inaweza kuichomoa nyonga mahali pake. Kwa sisi maana yake ni hakuna kigoda, hakuna kukaa mkekani, hakuna kuchuchumaa, hakuna kuinama kufunga viatu. Mwislamu asali akiwa kwenye kiti.

Nne, sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda vinaisha tarehe ngapi? Usikubali "mpaka ziishe". Omba tarehe.

Tano, nyuzi zinatolewa lini na kliniki ni lini? Na dawa zake za zamani, za presha na sukari, aendelee nazo kwa kipimo kilekile?

Umefanikiwa ukiweza kusoma daftari lako mbele ya ndugu mwingine naye akaelewa bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Safari ya kurudi

Bodaboda haipo kwenye mjadala. Bajaji ni hatari kwa mwenye nyonga bandia kwa sababu kiti chake ni kifupi na magoti yanapanda juu. Gari dogo linafaa: kiti cha mbele kirudishwe nyuma kabisa, mgongo ulazwe kidogo, mto mgumu uwekwe chini ya makalio. Mzee ageuze mgongo kwenye gari, akae kwanza, ndipo miguu iingizwe ikiwa pamoja.

Anayekwenda mbali, tuseme Mpwapwa au Kondoa, asimame njiani kila baada ya saa moja au karibu na hapo, anyooshe miguu na kupiga vifundo juu na chini. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu kunaalika damu kuganda. Dawa ya maumivu apewe nusu saa kabla ya kupanda gari.

## Hatua ya 3: Kitanda, njia na choo

Kaa mwenyewe kwenye kitanda anachotumia mzee. Nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu yote, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kama magoti yako juu, kitanda ni kifupi. Vitanda vyetu vya kamba vingi viko chini sana na vinabonyea katikati, kwa hiyo tafuta kingine kwa muda.

Watu wengi hupandisha kitanda kwa matofali. Nimeshakuta kitanda kimechomoka juu ya tofali mzee akiwa amekaa pembeni. Mwambie fundi seremala akate vigogo vinne na kuchimba shimo la kina juu ya kila kimoja, mguu wa kitanda uingie humo. Kazi ya asubuhi moja.

Kitanda kiwekwe ili mzee apate nafasi ya kushuka na fremu yake. Mazulia madogo, nyaya za simu, ndoo mlangoni, vyote vitoke. Tembea wewe na fremu kutoka kitandani hadi anapojisaidia. Ukikwama wewe, yeye ataanguka.

Choo cha shimo cha kuchuchumaa asikiendee. Usiku, kiti cha choo kiwe hatua mbili tatu kutoka kitandani. Mchana kinaweza kuhamishiwa nyuma ya pazia, maana mzee ana haya zake, na mzee mwenye haya hunywa maji kidogo ili asiombe msaada. Hapo ndipo mkojo unapoanza kuchoma na akili kuyumba. Mtu wa kumsaidia chooni achague mwenyewe.

## Hatua ya 4: Ratiba ya dawa

Hapa ndipo familia nyingi zinaangukia, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwaga bahasha zote mezani. Bahasha itakuwa na maandishi kama "1 x 3", yaani kimoja mara tatu kwa siku. Andika kila dawa kwa jina, kazi yake, saa zake na tarehe ya kuisha. Dawa isiyo na jina wala kazi inayojulikana isimezwe mpaka umeuliza.

Angalizo la saa: ukiweka alamu ya simu, simu inasoma 6:00 na babu anajua ni saa 12. Nimeona familia moja ambayo mtoto aliyekuja kutoka Dar es Salaam aliandika kwa saa za simu, dada wa kazi akasoma kwa saa za Kiswahili, na dawa zote zikasogea saa 6 mbele. Andikeni kwa mtindo mmoja na muwaambie wote.

Parasetamo. Hii ndiyo msingi. Mtu mzima mwenye uzito wa kutosha kwa kawaida hupewa vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mzee mwembamba, hasa aliye chini ya kilo 50, au mwenye ini bovu, anahitaji pungufu, na kipimo chake akitaje daktari. Saa zetu zinarahisisha jambo: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Siku 10 za kwanza apewe kwa saa, hata kama hajalalamika. Maumivu yakishapanda, kuyashusha kunataka dawa kali zaidi. Wazee wetu nao hawalalamiki. Mzee wa Kigogo aliyechunga ng'ombe Bahi maisha yake yote atakwambia "si sana" huku jasho linamtoka.

Diklofenaki na ibuprofeni. Hizi ndizo dawa za maumivu anazonunua jirani mwenye huruma kwenye duka la dawa. Zisiingie nyumbani bila daktari. Kwa mzee zinaweza kuchubua tumbo mpaka litoe damu, kuumiza figo, na kupandisha presha. Akiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, hatari ya kutoka damu ni kubwa zaidi. Tena vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamo ndani ya kimoja, hivyo anaweza kuzidishiwa parasetamo bila wewe kujua. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani.

Tramado au mofini. Hizi ni dawa kali za maumivu. Kama amepewa, ni kwa siku chache na kwa kipimo kilichoandikwa. Zinaleta kizunguzungu, kichefuchefu, kufunga choo, na kwa wazee wengine kuchanganyikiwa. Asipewe pamoja na dawa za usingizi. Akilala fofofo kiasi cha kutoamka ukimwita, au pumzi zikawa chache, acha dawa na uende hospitali muda huohuo.

Dawa ya choo. Ukiona tramado kwenye bahasha, uliza mara moja iko wapi ya choo, mfano bisakodili au laktulosi. Usisubiri siku ya tano. Siku 3 bila choo ni nyingi.

Dawa ya kuzuia damu kuganda. Mvunjiko wa nyonga na kulala kitandani vinafanya damu igande kwenye mishipa ya mguu. Donge likichomoka na kufika mapafuni linaweza kuua. Wengi hupewa sindano ya enoksaparini mara moja kwa siku, wengine vidonge vya rivaroksabani au aspirini, na muda wa kawaida unafika mpaka siku 35 tangu upasuaji. Itolewe saa ileile kila siku. Ukiruka siku, usimpe mbili kesho yake. Piga simu uulize.

Sindano hii inachomwa kwenye mafuta ya tumbo, vidole vitatu hadi vinne kutoka kitovuni. Leo kulia, kesho kushoto. Bana ngozi, choma wima, sukuma taratibu, chomoa, usisugue. Kale kapovu ka hewa kwenye sindano iliyojazwa tayari kiwandani usikatoe, maana unaweza kumwaga dawa. Michubuko midogo ya bluu ni ya kawaida. Joto la Dodoma mwezi Oktoba na Novemba ni kali, kwa hiyo sindano zikae chumba chenye ubaridi, mbali na dirisha na bati. Muuguzi akuone ukichoma mara moja kabla hamjatoka wodini.

Mwenye dawa hii asianzishiwe mitishamba mipya kwa wiki hizo, wala vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi vya kusifiwa mitandaoni. Tangawizi kidogo ya kwenye chai haina neno.

Presha na sukari. Mzee amepoteza damu, anakula kidogo, na bado anameza presha kwa kipimo cha zamani. Anasimama, dunia inazunguka, anaanguka tena. Pima presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama dakika moja. Ikishuka sana, au akiona giza, mpigie daktari siku hiyo. Anayetumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asipokula vizuri sukari inaweza kushuka mno: jasho baridi, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka. Mpe maji ya sukari kama anaweza kumeza, halafu tafuta msaada.

Madini ya chuma na kalsiamu. Zikimezwa pamoja zinazuiana. Chuma kimezwe peke yake, chai ya rangi ikae mbali kwa saa 2. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya chuma. Kama hatumii chuma na choo ni cheusi kama lami, hiyo ni damu.

Siku ya kawaida inaweza kwenda hivi:

- Saa 12 asubuhi: parasetamo na chochote kidogo tumboni.
- Saa 1 kasoro robo: kusimama na kutembea kwa kwanza.
- Saa 1 na nusu: kifungua kinywa na dawa za presha kama zilivyoandikwa.
- Saa 4: madini ya chuma kwa maji.
- Saa 6 mchana: parasetamo, dakika 45 baadaye, kutembea kwa pili, kisha chakula na kalsiamu.
- Saa 12 jioni: parasetamo, kutembea kwa tatu kabla giza halijaingia.
- Saa 2 usiku: sindano.
- Saa 6 usiku: parasetamo, akishaamka vizuri.

Angalia dawa inavyotangulia hatua kila mara. Umefanikiwa kama, akisimama, anakunja uso lakini anaweza kuongea nawe.

## Hatua ya 5: Kumsimamisha

Kabla ya kusimama, akiwa amelala, apige vifundo vya miguu juu na chini mara 10, abane misuli ya paja akihesabu 5, mara 10. Afanye hivyo kila saa akiwa macho. Mazoezi haya ndiyo pampu ya damu ya mguu.

Sasa msogeze ukingoni, akae, miguu ikanyage. Subiri dakika moja. Mguu uliopasuliwa utangulie mbele kidogo. Mikono isukume kitanda, si fremu, kwa sababu fremu ikivutwa inapinduka. Wewe simama upande wa mguu mgonjwa, mkono mmoja mgongoni chini, mwingine mbele ya bega. Funga khanga imara kiunoni mwake upate pa kushika. Usimvute kwa makwapa, wala usikubali akukumbatie shingoni, mtaanguka wote.

Akishasimama, hesabu mpaka 10. Uliza kama anaona vizuri. Ndipo mikono ihamie kwenye fremu. Urefu wake ni sawa kama vishikio viko usawa wa kiwiko cha kiganja, pale saa inapovaliwa, mikono ikining'inia.

Mpangilio wa hatua: fremu mbele, mguu mgonjwa, mguu mzima. Fremu itue miguu yote minne kwanza. Kugeuka ni kwa hatua ndogondogo. Asizunguke juu ya mguu mgonjwa. Kwenye ngazi za barazani, kupanda anatangulia mguu mzima, kushuka anatangulia mguu mgonjwa.

Siku ya kwanza nyumbani, kutoka kitandani hadi kiti na kurudi panatosha. Kila siku ongeza hatua chache. Mara tatu fupi ni bora kuliko moja ndefu.

Halafu watakuja wageni. Mwanamke wa pale Chang'ombe alikuwa anatembea mpaka barazani siku ya 8. Jumamosi ikaja ndugu gari zima, pole nyingi, soda na keki, na shangazi mmoja akasema kwa sauti, "Mwacheni mama apumzike, asije akavunja hicho chuma." Hakusimama siku tatu. Jibu la kumpa shangazi, kwa heshima zote: "Shikamoo shangazi. Daktari karuhusu akanyage, na mfupa unataka kazi. Twende naye barazani ukae naye huko." Mpe na kazi ya kubeba kiti.

Anayetaka kuuchua mguu kwa dawa ya moto au mafuta, mkatalie bila mjadala. Kama kuna donge la damu ndani ya mguu, kuchua kunaweza kulichomoa. Kidonda nacho hakitaki mafuta ya kienyeji.

## Hatua ya 6: Kidonda na ngozi

Kidonda kikae kikavu, kimefunikwa, hasa miezi ya upepo na vumbi. Nyuzi hutolewa kati ya siku 10 na 14. Uvimbe kidogo wa paja na mguu ni wa kawaida na hushuka akilala mguu ukiwa juu ya mto. Mwenye nyonga bandia alale chali, mto katikati ya mapaja. Kulalia upande, uliza kwanza.

Akiwa kitandani ageuzwe kila saa 2, na visigino vielee juu ya mto vikiwa havigusi godoro. Kila jioni kagua kwa taa makalio, mgongo wa chini na visigino. Wekundu usioondoka ukibonyeza ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mkono: sehemu yenye joto zaidi, ngumu au laini kuliko pembeni yake ndiyo unayoitafuta.

## Hatua ya 7: Chakula na maji

Supu ya mifupa inasifiwa kupita kazi yake. Kinachojenga ni protini: yai kila siku kama anapata, maziwa fresh au mgando, samaki wa Mtera, dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao, kunde, karanga ndani ya uji wa ulezi au uwele. Ugali na mlenda ni chakula chake na hushuka vizuri, ila bakuli la mlenda litiwe karanga au dagaa. Mpe kidogo mara tano badala ya sahani kubwa mara mbili.

Maji aanze asubuhi, glasi kila anapomeza dawa na katikati, isipokuwa kama daktari wa moyo au figo alimwekea kiwango. Papai na ubuyu husaidia choo. Jua la asubuhi barazani, mikono na miguu wazi, linampa vitamini D bila gharama, lakini halichukui nafasi ya kidonge alichoandikiwa.

## Akianza kuongea yasiyoeleweka

Usiku wa pili au wa tatu mzee anaweza kumwita mumewe aliyefariki, akataka kwenda shamba, akakataa kukutambua. Familia zinaanza kunong'ona kuhusu uchawi. Mara nyingi sana chanzo ni cha mwili: maambukizi ya mkojo au kifua, kukosa maji, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, maumivu yasiyotulizwa, au tramado yenyewe.

Pitia orodha hiyo moja moja. Mvalishe miwani yake, fungua dirisha mchana, mwambie leo ni siku gani na yuko kwa nani. Mtu mmoja anayemjua akae naye usiku. Msimfunge kitandani na msimpe diazepamu (dawa ya usingizi) ya jirani. Kisha mpelekeni akapimwe siku hiyo au asubuhi inayofuata, na daftari la dawa mkononi.

## Haya hayasubiri asubuhi

- Kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua, au kukohoa damu.
- Mguu chini ya goti umevimba ghafla, mgumu, unauma, kuliko mguu wa pili.
- Mguu uliopasuliwa umefupika au umejigeuza, na hawezi tena kuukanyagia.
- Kidonda kinatoa usaha, kinanuka, au kuna homa na kutetemeka.
- Choo cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, pua isiyoacha kutoka damu.
- Ameanguka na kugonga kichwa akiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, hata kama anasema yuko salama.
- Upande mmoja wa uso au mwili umelegea.

Nenda na daftari. Mapokezi uliza dirisha la wazee, foleni yake huwa fupi.

## Hatua ya 8: Kuanzia wiki ya 6

Kliniki ya karibu wiki ya 6 huwa na picha. Hapo ndipo daktari anaweza kumruhusu aliyezuiwa akanyage, na wengine kuhamia kwenye fimbo. Fimbo hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mzee huishika upande wa mguu mgonjwa, kwa sababu ndiko kunakouma, kisha anapinda. Wengi huchukua miezi 3 au zaidi kurudi kwenye mwendo wao, na wengine hubaki na fimbo. Fremu msiirudishe kwa mwenyewe mapema; vifuniko vya mpira vikilika, vibadilishwe.

Swali moja lisisahaulike kliniki: "Dawa ya kuimarisha mfupa je?" Mzee aliyevunjika nyonga kwa kujikwaa tu mlangoni ana mifupa iliyopungua nguvu, na hatari ya kuvunja upande wa pili ipo. Dawa inayotumika sana ni alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, baada ya kuangaliwa figo na kalsiamu. Kuna pia dripu inayotolewa mara moja kwa mwaka kwa asiyeweza vidonge.

Alendroneti ina masharti yake. Chagua siku moja, tuseme Jumapili, muiandike ukutani. Akiamka, kabla ya chai, uji au dawa nyingine yoyote, ameze kidonge kizima kwa glasi kamili ya maji matupu. Asikitafune. Kisha akae wima au asimame kwa dakika 30, asirudi kulala, kwa sababu kikikwama kooni kinachoma. Asiyeweza kukaa wima muda huo hafai dawa hii. Mtoe na kiti chake barazani, akae aangalie wanaokwenda kanisani, na nusu saa ikitimia ndipo umletee chai.